NAIROBI SI ULAYA

Leo twataka kusema juu ya safari moja tu, nayo ni safari ya ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Tumeichagua hiyo kwa sababu wapo watu wazima, tena wenye elimu na vyeo, wanaotuambia kila siku kwamba safari hiyo ni ya ng'ambo, na kwamba anayeitaka sharti alipe kama mtu aendaye ng'ambo. Sisi twasema hiyo ni hadaa. Hesabu tunazo, na tutazitoa hapa ili kila mwanachama azipime mwenyewe, asimtegemee mtu kumpimia.

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi uwanja wa Nairobi, kwa mstari ulionyooka angani, ni kilomita 670 hivi, yaani kama maili 415. Ndege ya jeti ikiisha kupanda juu na kutulia hukata kilomita 800 kwa saa moja. Ukiongeza muda wa kupanda, wa kushuka na wa kutambaa chini uwanjani, ratiba zinaandika saa moja na robo. Ndege ndogo ya pangaboi huenda kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Saa za miji hii miwili ni zile zile. Abiria aliyeondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi, kabla ya saa nne yuko Nairobi, wala hana haja ya kugusa saa yake ya mkononi. Na akikaa dirisha la kushoto, mawingu yakiwa yamempa nafasi, ataiona Kilimanjaro karibu kabisa na bawa, na muda si muda ataambiwa afunge mkanda, ndege inashuka. Hata chai haijapoa.

Sasa tupime safari nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi. Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000. Kigoma ni kilomita 1,070 na kitu. Kwa hiyo Mwanza iko mbali na Dar es Salaam kuliko Nairobi, na Kigoma iko mbali zaidi kwa kilomita 400 nzima. Mafuta yanayochomwa kwenda Mwanza ni mengi kuliko yanayochomwa kwenda Nairobi kwa ndege ile ile. Rubani hukaa kitini muda mrefu zaidi. Lakini anayekwenda Mwanza huitwa abiria wa ndani, na anayekwenda Nairobi huitwa abiria wa nje. Tazameni na Mombasa: kutoka Dar es Salaam ni kilomita 320 hivi, kutoka Nairobi ni kilomita 420 hivi. Maana yake mtu wa Mombasa yuko karibu na Kariakoo kuliko alivyo karibu na makao makuu ya serikali yake mwenyewe. Lakini akija Kariakoo kununua vitenge ni mgeni, akienda Nairobi ni mwenyeji.

Je, jina hilo la "nje" lina bei gani? Kwa miaka mingi Tanzania imemtoza abiria wa ndani ada ya uwanja ya shilingi 10,000, na abiria wa nje dola 40. Kwa thamani ya fedha ya miaka ya karibuni, dola 40 ni shilingi laki moja hivi. Ni mara kumi. Upande wa Nairobi si afadhali hata kidogo: huko abiria wa ndani ametozwa shilingi 600 za Kenya, na wa nje dola 50, ambazo nazo ni mara kumi na zaidi. Mabwana hawa wa pande mbili, ambao hawapatani katika mambo mengi, katika hili la kumkamua msafiri wamepatana bila hata kukaa mezani! Mtu akienda na kurudi, kabla hajalipa senti moja ya nauli, tayari amekwisha lipa dola 90 kwa kosa la kwenda kumwona jirani yake.

Watatuambia kwamba viwanja vya ndege vinahitaji fedha, na meza za uhamiaji zinahitaji watumishi. Twakubali. Basi na aongezewe kitu kidogo kwa ajili ya hiyo meza. Lakini njia ya kurukia ni ile ile, taa ni zile zile, zimamoto ni wale wale, na mnara unaomwongoza rubani ni ule ule. Kugonga muhuri mmoja katika kitabu si kazi ya shilingi elfu tisini.

Na nauli yenyewe je? Hatutataja bei ya kampuni yoyote, maana bei hubadilika asubuhi na jioni. Lakini Dubai iko kilomita 3,950 hivi kutoka Dar es Salaam, karibu mara sita ya Nairobi. Waulizeni wauza tiketi mtaani kwenu kama wamewahi hata siku moja kuuza tiketi ya Dubai kwa mara sita ya tiketi ya Nairobi. Watacheka. Kadiri unavyomkaribia ndugu yako ndivyo kila kilomita inavyokuwa ghali.

Wengine husoma haya wakasema: hizo ni shida za matajiri, mkulima wa pamba na ndege vina nini? Hasha, ndugu. Yuko mwanachama mwenzetu, fundi cherehani, ambaye mdogo wake alifariki Nairobi alfajiri ya siku ya kazi. Wao ni Waislamu, na maiti ya Kiislamu haiwekwi. Fundi huyu alikuwa na kitambulisho chake cha taifa, lakini pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Watu wa tawi walichanga fedha ya ndege kabla ya saa tatu. Fedha ilikuwapo mkononi, ndege ilikuwapo uwanjani, na mwendo ni wa saa moja na robo. Akaenda kutafuta hati ya dharura. Ofisi haikuwa na kosa, ilifuata sheria ilivyoandikwa, na hati ikatoka mchana. Ndege imekwisha ondoka. Akapanda basi la jioni kwa njia ya Arusha na Namanga, kilomita 900 hivi za barabara, akafika siku ya pili amevimba miguu, akaonyeshwa udongo mbichi. Mtu wa Bukoba angefiwa asubuhi ile ile, na ndugu yake yuko Dar es Salaam, angewahi kuzika, ingawa Bukoba iko mbali zaidi kwa kilomita 350.

Na msidhani kwamba haiwezekani. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kusafiri baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Mkenya huenda Kigali, kilomita 760 kutoka Nairobi, na kadi yake mfukoni. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Sababu tulizopewa zilikuwa za usalama na za kulinda ardhi na kazi. Sisi hatuzidharau sababu hizo. Ardhi ni jambo kubwa, na mwananchi ana haki ya kuiogopea. Lakini kadi ya kusafiria haimpi mtu shamba. Shamba hutolewa na sheria ya ardhi, na kazi hutolewa na kibali cha kazi. Mwizi wa ardhi haji kwa basi na kitambulisho. Huja na wakili na pasipoti iliyo safi kabisa.

Mpaka wenyewe tunaoulinda kwa bidii namna hii, ulichorwa na nani? Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, mstari kutoka pwani hadi ziwani Victoria, wakaupinda kidogo tu upite kaskazini mwa Kilimanjaro. Mmasai hakuulizwa, Mdigo hakuulizwa, Mtaveta hakuulizwa. Wachoraji wamekwisha kwenda zao miaka mingi, na sisi warithi tumebaki kuupaka rangi upya kila mwaka na kumtoza ada anayeuvuka.

Sasa tusome majina ya viwanja hivi viwili. Wa Dar es Salaam unaitwa Julius Nyerere. Wa Nairobi unaitwa Jomo Kenyatta. Tarehe 5 Juni 1963 watu hawa wawili, pamoja na Milton Obote wa Uganda, walikutana Nairobi wakatia sahihi tamko kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho moja, tena kabla ya mwaka ule kwisha. Nyerere alikuwa amekwisha sema mwaka 1960 kwamba yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi zipate uhuru pamoja na kuungana. Shirikisho halikuja. Na leo mtu akiruka kutoka kwa Nyerere kwenda kwa Kenyatta anatozwa ada ya mgeni kule atokako, na akirudi anatozwa ada ya mgeni kule atokako tena. Kama heshima tuliyowapa wazee wale ni majina ukutani tu, basi tuseme hivyo wazi.

Vijana wengi hawajui kwamba anga hii ilikwisha kuwa moja. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza tarehe 1 Januari 1946, likiwa na vindege sita vya injini mbili aina ya Dragon Rapide. Vilikwenda kwa mwendo wa kama kilomita 210 kwa saa, hata safari ya Nairobi na Dar es Salaam isingepungua saa tatu, bila kuhesabu vituo. Mkoloni hakuliunda shirika lile kwa kutupenda. Alikuwa na barua zake, maofisa wake na wakulima wake wa kubeba. Lakini aliacha chombo kimoja cha nchi zote, na sisi tulipopata uhuru tukakichukua kikiwa kizima. Mwaka 1960 kilikuwa na ndege za jeti za Comet. Mwaka 1966 kikapokea Super VC10, jeti kubwa za kwenda London na kwingineko. Chini ya mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwaka 1967, shirika hili lilikuwa mali ya Jumuiya. Waafrika wa nchi tatu walikuwa na ndege zao, karakana yao na marubani wao wanaofundishwa, wakati nchi nyingi kubwa kuliko zetu hazina.

Tulifanya nini na mali hiyo? Tuliivunja. Hatutasema ilivunjwa na mabeberu, ingawa maneno hayo yangekuwa matamu kuandikwa. Tuliivunja wenyewe. Tanzania ililalamika kwamba makao, karakana na faida vyote vimekaa Nairobi, na malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake. Kenya ililalamika kwamba wenzake hawaleti fedha wanazodaiwa, na hilo nalo halikuwa bure. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda mwaka 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukaa tena pamoja mezani. Januari 1977 Kenya ikaunda shirika lake yenyewe. Mwanzoni mwa Februari Tanzania ikaufunga mpaka, ikakamata magari ya watalii na ndege ndogo zilizokutwa upande wake. Mwezi wa Machi Tanzania nayo ikaunda shirika lake. Mpaka ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka sita na miezi tisa, ndugu wasomaji! Kilomita zilikuwa zile zile 670.

Sikilizeni basi mali ilikokwenda, maana katika habari yote hii hapa ndipo panapouma. Shirika jipya la Kenya lilianza safari zake mwezi ule wa Februari 1977 kwa Boeing 707 mbili zilizokodiwa kutoka kwa Waingereza, zikaenda Frankfurt na London. Na zile Super VC10 nne zilizokuwa zimebaki katika shirika la pamoja? Zilirudi Uingereza. Jeshi la anga la Uingereza likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta ndege nyingine za kivita zikiwa angani, na mbili kati ya hizo ziliendelea kuruka hadi Septemba 2013. Miaka zaidi ya 30 baada ya sisi kulivunja shirika, mwenzetu alikuwa bado anazitumia ndege zetu kulisha vita vyake. Sisi wakati huo tulikuwa tumebaki kugombea viti na samani. Mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ulitiwa sahihi Mei 1984, na kila nchi ikapewa fungu lake la mali na fungu lake la madeni.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo tumejifunza. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010, nayo inataja kwa herufi zilizo wazi uhuru wa watu kusafiri na uhuru wa huduma kuvuka mipaka. Chombo cha pamoja cha kusimamia usalama wa ndege kipo, makao yake Entebbe. Yaani kukagua kwamba bawa halitakatika twaweza kufanya pamoja. Kumpandisha mwananchi chini ya bawa hilo kwa bei ya nyumbani, hilo ndilo linatushinda.

Tazameni yaliyotokea mwaka 2020. Wakati wa maradhi ya Korona Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikajibu kwa kuzifuta safari za Kenya Airways kuanzia tarehe 1 Agosti. Kabla mwezi haujaisha ikayafungia na makampuni mengine matatu ya Kenya. Zikapita wiki sita na zaidi, hata tarehe 16 Septemba ndipo mlango ukafunguliwa. Twauliza: katika wiki hizo ni waziri gani aliyeshindwa kusafiri? Ni mtoto wa bwana gani aliyekosa shule? Walioumia ni wafanya biashara wadogo, wagonjwa waliokuwa na miadi ya daktari, na vijana wa hoteli za Zanzibar na Arusha waliokuwa wakimngoja mgeni wa kwanza baada ya njaa ndefu.

Mwaka 2024 mchezo ukarudiwa. Tarehe 15 Januari Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa tena kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Safari hii kisa kilikuwa mizigo, nacho chataka maelezo kidogo, maana wakubwa hupenda kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu. Tangu Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944 kila serikali ni mwenye mali wa anga iliyo juu ya nchi yake. Ndege ya kigeni haipiti wala haitui bila ruhusa, na ruhusa hizo zimepewa namba. Ya tatu na ya nne ni za kupeleka abiria au mzigo kwa jirani na kurudi nao. Ya tano ni ya kutua kwa jirani, kuchukua mzigo wake, na kuupeleka nchi nyingine kabisa. Tanzania ilikuwa imenunua ndege kubwa ya mizigo, Boeing 767, iliyofika mwaka 2023, ikataka ruhusa hiyo ya tano Nairobi. Kenya ikaikatalia.

Hapo sisi hatufichi neno: Nairobi ilikosea. Ina maua, ina mboga, ina wakulima wanaotafuta ndege ya kuwapelekea mazao sokoni, na jirani amekuja na ndege tupu akitaka kazi. Kumfukuza jirani huyo na huku makampuni ya mbali yakibeba maua hayo miaka nenda miaka rudi, huo ni udugu wa namna gani? Hii ndiyo tabia ya Nairobi iliyowachosha watu tangu siku za Jumuiya ya kwanza, ya kudhani kwamba soko la Afrika ya Mashariki ni uwanja wa nyumbani kwake na wengine ni wateja. Ndugu zetu wa Kenya wanaosoma gazeti hili wawaambie wakubwa wao hivyo.

Lakini Dar es Salaam nayo ilimpiga nani? Kosa lilifanywa na ofisi juu ya mizigo, adhabu akapewa abiria. Mama wa Tandale anayekwenda kumwuguza binti yake Nairobi hakukatalia ndege ya mizigo ya mtu. Na ajabu zaidi ni hii: siku moja tu baadaye mawaziri walizungumza, Kenya ikatoa ruhusa, Tanzania ikaondoa marufuku. Kumbe jambo lilikuwa la kumalizwa kwa simu! Basi kwa nini simu haikupigwa kwanza, kabla ya kuwatisha watu waliokwisha kulipia tiketi?

Tumekwisha sikia jibu lao kubwa, nalo ni la uzalendo. Wanasema: tukiifungua anga, shirika la jirani litalimeza letu, lazima tulilinde shirika la taifa. Neno hili ni zito kwetu, maana sisi ni watu wa taifa, na bendera katika mkia wa ndege yatufurahisha kama inavyomfurahisha mtu mwingine yeyote. Lakini wenye kulisema wamesahau kazi ya mikono yao. Kenya Airways, fahari ya Kenya, iliuzwa asilimia 26 kwa KLM ya Uholanzi mwaka 1996. Shirika la Tanzania liliuzwa asilimia 49 kwa shirika la Afrika Kusini mwaka 2002, likaja kukombolewa mwaka 2006. Mwaka 2003 Kenya Airways yenyewe ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania. Kumbe kuuza ilikuwa halali, kuungana ndiyo haramu!

Na ulinzi huo umetuletea nini? Mkaguzi Mkuu wa Tanzania alionyesha kwamba shirika letu lilipata hasara ya shilingi bilioni 56 na zaidi katika mwaka wa fedha wa 2022/23, na bilioni 91 na zaidi katika 2023/24. Kenya Airways ilipoteza shilingi za Kenya bilioni 38 katika mwaka 2022 peke yake. Hasara hizo hulipwa na mwenye kununua sabuni na chumvi, ambaye wengi wao hawajapanda ndege tangu kuzaliwa. Yaani mwananchi analipa mara mbili: mara ya kwanza ili shirika liendelee kuruka, mara ya pili ili asiweze kulipanda.

Mwaka 1999 serikali za Afrika zilikubaliana kwa Uamuzi wa Yamoussoukro kwamba anga ya bara hili ifunguliwe kwa ndege za Waafrika. Januari 2018 soko moja la anga likazinduliwa Addis Ababa kwa nchi 23. Kenya ilikuwamo katika hizo za mwanzo, Tanzania haikuwamo. Na Kenya iliyokuwamo, tumekwisha ona jinsi ilivyompokea jirani mwenye ndege ya mizigo miaka sita baadaye. Kutia sahihi si kazi, ndugu. Wino ni rahisi.

Madai yetu si ya bara zima. Tunataka kuanza na kilomita hizi 670. Ada ya uwanja kati ya miji ya Jumuiya iwe ada ya ndani, pande zote mbili, siku moja. Kitambulisho cha taifa kitoshe kwa safari, kama kinavyotosha kutoka Nairobi kwenda Kigali. Mwenye ndege ya abiria au ya mizigo iliyoandikishwa katika nchi ya Jumuiya aruhusiwe kufanya kazi katika viwanja vyote viwili bila kupiga magoti. Na serikali yoyote yenye ugomvi na mwenzake iupeleke katika mahakama ya Jumuiya, ambayo ipo Arusha na majaji wake wapo, isiupeleke kwenye foleni ya abiria.

Wanachama wa matawi, wakati wa kuomba kura ukifika watakuja kwenu wagombea wa kila rangi. Msiwaulize habari za umoja wa Afrika, maana hapo kila mmoja ana hotuba tayari. Waulizeni ada ya uwanja ya kwenda Nairobi ni kiasi gani, na ya kwenda Mwanza ni kiasi gani, na kwa nini. Asiyejua mpeni karatasi aandike, aende akatafute. Na yule atakayewajibu kwamba jambo hilo linashughulikiwa, mwulizeni linashughulikiwa tangu lini, maana lile tamko la Nairobi ni la tarehe 5 Juni 1963.